WAIBADHI: WATU WALIOITWA WAASI
Somo la kujifunza pamoja, kwa familia zilizokimbia makwao na kwa viongozi wao

Lengo la somo: Kujua historia na imani ya Waibadhi, tawi dogo la dini ya Kiislamu, na kuona jinsi jina baya linavyoweza kuwabandika watu wasiostahili.

Jinsi ya kulitumia: Someni kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, kisha mjadili maswali yaliyo mwishoni. Somo linatosha mikutano miwili. Kikundi kikiwa na Wakristo na Waislamu pamoja, ni vizuri zaidi. Hakuna anayeombwa kubadili imani yake. Tunaombwa tu kumjua jirani.

1. Kwa nini tujifunze habari hii?

Tuseme familia moja imefika Kadutu ikitoka upande wa Beni. Wamelala njiani siku nyingi, watoto wanakohoa. Baba amevaa kofia ya Kiislamu, mama amejifunika kichwa. Kesho yake bombani watu wanaanza kunong'ona: "Hao wametoka kule wanakochinja watu. Na dini yao ni ile ile." Hakuna aliyewauliza walikimbia nini. Kumbe walikimbia wachinjaji hao hao.

Mfano huu ni wa kufikiria, lakini hofu iliyomo ndani yake ni ya kweli. Kundi la ADF, lililoanzia Uganda katika miaka ya 1990, limeua raia wengi sana katika eneo la Beni na katika Ituri. Tangu mwaka 2019 mtandao wa Dola ya Kiislamu umekuwa ukidai mashambulizi yake kuwa ni ya kwake. Kwa sababu hiyo Waislamu wengi wa mashariki ya Kongo wanatazamwa kwa jicho la shaka. Wachache wanakumbuka kwamba Waislamu nao wanauawa. Mwezi Mei 2021, mjini Beni, Sheikh Ali Amini, ambaye alilaani mauaji hayo hadharani, alipigwa risasi akafa msikitini wakati wa sala.

Hapa Bukavu Waislamu ni wachache. Familia zao nyingi zina mizizi Maniema, na kwa sehemu kubwa ni Wasuni. Waibadhi ni kundi jingine, na huenda hujawahi kukutana na hata mmoja wao. Ni wachache duniani, pungufu ya mtu 1 kati ya Waislamu 100. Tumewachagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, jina la waasi lililowekwa juu yao limekaa miaka zaidi ya 1300, ingawa wao wenyewe wanalikataa. Ya pili, historia yao imegusa historia yetu ya Kongo, kama tutakavyoona.

2. Mwanzo: siku waliyokataa kuua

Mtume Muhammad alifariki mwaka 632. Miaka michache baadaye Waislamu waligombana juu ya nani awaongoze. Mwaka 657, mahali paitwapo Siffin, karibu na mto Furati, jeshi la Khalifa Ali lilipambana na jeshi la Muawiya, gavana wa Sham. Vita vilipokuwa vikali, pande mbili zilikubali wateuliwe waamuzi wa kuwapatanisha.

Baadhi ya watu wa Ali hawakukubali. Walisema haki imekwisha kujulikana, na hukumu ni ya Mwenyezi Mungu, si ya wanadamu wawili. Wakajitenga. Kwa Kiarabu waliitwa Khawarij, maana yake waliotoka. Mwaka 658 Ali alipigana nao huko Nahrawan na wengi wakauawa. Mwaka 661 mmoja wa watu wa kundi hilo alimuua Ali. Tangu hapo jina la Khawarij likawa jina la kutisha. Hata leo masheikh wengi wakitaka kuwalaani magaidi huwaita hivyo.

Sasa tuangalie jambo ambalo wengi hawalijui. Waliobaki baada ya Nahrawan hawakuwa na mawazo mamoja. Wengi walikuwa wakiishi Basra, mji ulioko Iraki ya leo. Karibu na mwaka 684 kiongozi mmoja aitwaye Nafi bin al-Azraq alitoa fundisho kali. Alisema kila Mwislamu asiyejiunga nao ni kafiri, na kwamba ni halali kumuua, kuchukua mali yake, hata kuua mke na watoto wake. Wafuasi wake waliitwa Azariqa, nao walimwaga damu nyingi.

Ndugu zao wengine wa Basra walikataa. Miongoni mwao alikuwa Abdallah bin Ibadh, ambaye jina la Waibadhi limetokana naye. Walisema: watu hawa wengine wanasali kuelekea Makka kama sisi, wanasoma Kurani kama sisi. Tunaweza kutokubaliana nao, lakini damu yao na mali yao si halali kwetu. Tunaweza kuoana nao, kurithiana nao na kuishi nao mtaa mmoja.

Kwa hiyo kundi la Waibadhi lilizaliwa kwa kukataa mauaji. Hata hivyo, wengi waliowaona kwa mbali waliendelea kuwaweka kapu moja na wauaji, kwa kuwa walikuwa wametoka nyumba moja. Waibadhi wenyewe hawakubali kuitwa Khawarij mpaka leo.

3. Mwalimu wa Basra na shule ya chini kwa chini

Ingawa jina lao limetokana na Ibn Ibadh, Waibadhi humheshimu zaidi mwanachuoni Jabir bin Zayd. Alizaliwa Oman, karibu na mji wa Nizwa, akaenda kusoma na kuishi Basra. Alifundishwa na Ibn Abbas, aliyekuwa binamu wa Mtume. Wasuni pia wanamtambua Jabir kama mpokezi mwaminifu wa habari za Mtume. Yaani mtu mmoja yule yule anaheshimiwa na pande zote mbili.

Baada yake aliongoza Abu Ubayda Muslim. Huyu hakutoka katika ukoo mkubwa wa Waarabu. Alikuwa fundi wa kusuka vikapu. Inasimuliwa kwamba, kwa kuwaogopa watawala, aliwafundisha wanafunzi wake katika chumba kilichochimbwa chini ya ardhi. Mlinzi alikaa mlangoni, na mgeni akikaribia, mwalimu na wanafunzi walinyamaza wakashika kazi ya vikapu. Kutoka katika shule hiyo walitumwa walimu kwenda Oman, Yemen, Khurasani na Afrika ya Kaskazini. Waliitwa wabeba elimu.

4. Waibadhi wanaamini nini?

Kwa mambo makubwa, Mwibadhi ni Mwislamu kama wengine. Anaamini Mungu mmoja na Mtume wake Muhammad. Kurani yake ni ile ile. Anasali mara tano kwa siku, anafunga Ramadhani, anatoa zaka, na akijaliwa anakwenda kuhiji Makka.

Katika sala kuna tofauti ndogo. Mwibadhi husimama na mikono ikiwa imeshuka kandoni, wala haifungi kifuani kama Wasuni wengi wanavyofanya. Baada ya sura ya kwanza ya Kurani hasemi "Amina".

Tofauti nyingine ni za mafundisho. Hizi ndizo kubwa:

• Kuhusu Mungu: Wanasema Mungu hawezi kuonekana kwa macho, hapa duniani wala ahera. Wasuni wanaamini waumini watamwona ahera.

• Kuhusu dhambi: Mtu aliyefanya dhambi kubwa akafa bila kutubu atakaa motoni milele. Fundisho hili ni zito kuliko la Wasuni. Lakini hapa duniani mtu huyo hafukuzwi katika Uislamu. Waibadhi wanasema amekufuru neema, maana yake amekosa shukrani kwa mema ya Mungu. Hajawa mshirikina. Anaonywa na kuombwa atubu, na damu yake inabaki imelindwa.

• Kuhusu urafiki na kujitenga: Mwibadhi anatakiwa kuwapenda watu wema kwa ajili ya dini, na kujitenga moyoni na mtenda maovu mpaka atubu. Kujitenga huku hakuruhusu kumdhulumu. Haki yake ya ujirani, biashara na hukumu ya haki inabaki pale pale.

• Kuhusu kiongozi: Imamu anachaguliwa na watu wenye elimu na busara kwa kushauriana. Si lazima awe wa kabila la Mtume, wala hata Mwarabu. Kinachotazamwa ni ucha Mungu, elimu na uadilifu. Akidhulumu na asitubu, anaweza kuondolewa.

• Kuhusu vita: Walipolazimika kupigana na Waislamu wengine, sheria yao ilikataza kuteka mali zao na kuchukua wake na watoto wao.

Kuna fundisho moja ambalo sisi wa mashariki ya Kongo tutalielewa haraka. Waibadhi wanasema jamii inaweza kuwa katika hali nne. Hali ya kwanza ni ya kuwa wazi, jamii inapojitawala kwa haki. Ya pili ni ya kujilinda, adui anapovamia. Ya tatu ni ya watu wachache wanaojitolea nafsi zao kupinga dhuluma. Hakuna anayelazimishwa kuingia humo. Ya nne wanaiita kitmani, maana yake kusitiri. Ni wakati watu hawana nguvu, wanaishi chini ya watawala wasio wao, nao wanahifadhi imani yao kwa utulivu, wanafundisha watoto na kusaidiana. Mtu aliye katika kitmani hahesabiwi mwoga wala msaliti. Kuvumilia bila kuchukua silaha ni njia halali ya kuwa mwaminifu.

5. Watu waliojua kukimbia

Karibu na mwaka 777 Waibadhi wa Afrika ya Kaskazini walimchagua Abd al-Rahman bin Rustam, mtu wa asili ya Uajemi, awe imamu wao katika mji wa Tahert, ulioko Aljeria ya leo. Waberiberi ndio waliokuwa wengi pale, nao walimchagua mgeni ili kabila moja lisilitawale jingine. Tahert ikawa mji wa biashara uliounganisha pwani na nchi za kusini ya jangwa. Waislamu wa madhehebu mengine waliishi humo, na Wakristo pia.

Mwaka 909 jeshi la Wafatimi liliuteka mji. Waibadhi wakakimbilia jangwani, kwanza Sedrata, karibu na Wargla. Baadaye, kuanzia karne ya 11, walijenga miji mitano katika bonde kavu la Mzab. Walichimba visima virefu, wakapanda mitende, wakagawa maji ya mvua chache kwa mifereji ili kila shamba lipate fungu lake. Miji hiyo ipo mpaka leo, na mwaka 1982 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia.

Waliwezaje? Hawakuwa tena na imamu wala jeshi. Walianzisha baraza la wanachuoni liitwalo azzaba, lenye makao yake msikitini. Baraza hilo lilisimamia shule, ndoa, soko, mali ya yatima na ugomvi wa majirani. Aliyekosa sana alitengwa na jamii: watu hawakuongea naye wala kula naye mpaka aungame mbele ya watu. Waliwaongoza watu wao karne nyingi kwa baraza na kwa aibu ya kukosa, bila upanga. Kiongozi wa kambi asiye na askari wala fedha anaweza kujifunza kitu hapo.

6. Kutoka Oman hadi Unguja, na kutoka Unguja hadi Kasongo

Makao makubwa ya Waibadhi yalikuwa na yangali Oman. Waoman walimchagua imamu wao wa kwanza karibu na mwaka 750. Mwaka 1624 walimchagua Nasir bin Murshid wa ukoo wa Yaarubi, aliyeunganisha makabila yaliyokuwa yakipigana. Mwaka 1650 waliwatoa Wareno Maskati, na mwaka 1698 wakaiteka Ngome ya Yesu huko Mombasa.

Katika karne ya 19 Seyyid Said bin Sultan wa ukoo wa Busaidi alihamishia makao yake Unguja, akatawala huko mpaka alipofariki mwaka 1856. Masultani wa Unguja walikuwa Waibadhi, lakini raia wao wengi Waislamu walikuwa Wasuni wa madhehebu ya Shafi. Masultani hawakuwalazimisha kubadili. Waliweka makadhi wa pande mbili: Mwibadhi alihukumiwa kwa sheria ya Kiibadhi, Msuni kwa sheria ya Kishafi. Mmoja wa makadhi mashuhuri wa Kisuni alikuwa Sheikh Ahmad bin Sumait, aliyefariki mwaka 1925. Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alileta mtambo wa kuchapa vitabu, na vitabu vya Kiibadhi vikachapwa Unguja vikasomwa mpaka Afrika ya Kaskazini.

Kutoka Unguja misafara ilipita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikafika Maniema. Tippu Tip, mzaliwa wa Unguja, alijiimarisha Kasongo katika miaka ya 1870. Kwa njia hiyo Kiswahili na Uislamu viliingia mashariki ya Kongo. Waliosilimu Maniema wengi walifuata madhehebu ya Shafi kama wapagazi na walimu wa pwani, hawakufuata madhehebu ya Sultani. Waibadhi wa Unguja hawakuwa na desturi ya kutafuta wafuasi.

Hapa tuseme ukweli wote. Misafara hiyo ilibeba pembe za ndovu na pia watu. Vijiji vilichomwa, na wengi walipelekwa utumwani. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa shinikizo la Waingereza, lakini huku bara biashara hiyo iliendelea miaka mingine mingi. Dini ya kiongozi, hata ikiwa na mafundisho mazuri juu ya damu na haki, haikuwazuia wafanyabiashara kudhulumu. Kisha, kati ya 1892 na 1894, majeshi ya Leopold wa Ubelgiji yaliwapiga Waarabu na Wangwana wa Maniema kwa jina la kukomesha utumwa, halafu utawala huo huo ukawatesa watu kwa kazi ya mpira. Kila aliyekuja alikuwa na jina zuri la kujiita na jina baya la kuwaita wengine.

7. Majeraha ya pande zote

Hatusemi Waibadhi hawakukosa. Sultani Barghash, ambaye makadhi wake walikuwa wa pande mbili, aliwahi kumfunga mwanachuoni mmoja wa Kisuni kwa sababu ya mabishano ya madhehebu. Mwanachuoni huyo aliachiwa Sultani alipofariki.

Nao wameumizwa. Tarehe 12 Januari 1964 yalifanyika mapinduzi Unguja. Hasira ya miaka mingi juu ya ardhi, utumwa na ubaguzi ililipuka. Maelfu ya watu waliuawa, wengi wao wakiwa wenye asili ya Uarabuni, na haikuulizwa nani alikuwa tajiri na nani alikuwa mwenye duka dogo. Waliosalia walikimbia kwa mashua na meli. Baada ya Sultani Qaboos kushika utawala wa Oman mwaka 1970, aliwaita Waoman waliokuwa nje warudi kujenga nchi. Ndiyo maana mpaka leo ukipita Maskati unaweza kusikia Kiswahili sokoni na majumbani.

Mmoja wa waliotoka Unguja mwaka 1964 alikuwa kijana Ahmad bin Hamad al-Khalili, aliyezaliwa huko mwaka 1942. Mwaka 1975 aliteuliwa kuwa Mufti Mkuu wa Oman. Kijana aliyefika akiwa mkimbizi akawa mwalimu wa taifa.

Huko Mzab nako, kati ya 2013 na 2015, vijana wa Kiibadhi na majirani zao Waarabu wa madhehebu ya Maliki walipigana katika eneo la Ghardaia. Mwezi Julai 2015 peke yake watu zaidi ya 20 waliuawa. Walikuwa wameishi pamoja kwa karne nyingi. Yalikuwapo mambo ya ardhi, kazi na siasa, lakini kwa haraka yakavaa nguo ya dini. Sisi wa Kivu hatuhitaji kuelezwa jinsi inavyokuwa.

8. Siku jina lilipoondolewa

Mwezi Novemba 2004 Mfalme Abdullah wa Pili wa Yordani alitoa tamko lijulikanalo kama Ujumbe wa Amman. Wakati huo watu wengi walikuwa wakiuawa Iraki kwa sababu ya madhehebu. Mfalme aliwauliza wanachuoni wakubwa wa Kiislamu maswali matatu: Nani ni Mwislamu? Je, inaruhusiwa kumwita Mwislamu mwingine kafiri? Na nani ana haki ya kutoa fatwa? Sheikh al-Khalili wa Oman alikuwa miongoni mwa walioleta majibu.

Mwezi Julai 2005 wanachuoni wapatao 200 kutoka nchi zaidi ya 50 walikutana Amman. Walikubaliana kwamba madhehebu manane ni ya Kiislamu bila shaka: manne ya Kisuni, mawili ya Kishia, ya Kidhahiri na ya Kiibadhi. Wakasema haifai kumwita kafiri mtu wa madhehebu hayo, na damu yake, heshima yake na mali yake ni haramu kuguswa.

Tamko hilo halikumaliza vita. Lakini kwa Waibadhi lilikuwa jambo kubwa. Wenzao walikutana hadharani, wakasema: hawa ni wetu. Maneno yale yanafanana sana na yale ambayo Waibadhi wa Basra waliwaambia Azariqa karibu na mwaka 684.

9. Tunajifunza nini?

Kwanza, ulizeni kabla ya kuhukumu. Watu wawili wakitoka nyumba moja, mmoja anaweza kuwa mwuaji na mwingine akawa ndiye aliyemkataza. Anayewaona kwa mbali hawezi kuwatofautisha. Familia iliyotoka eneo la waasi mara nyingi ndiyo inayowaogopa zaidi.

Pili, kutokubaliana si uadui. Waibadhi wana maneno ya kumkataa mtu mwovu moyoni huku wakilinda haki yake. Katika mitaa yetu tunahitaji maneno kama hayo. Unaweza kusema, "Sikubaliani na imani yako, lakini mtoto wako hatanyimwa maji."

Tatu, anayebaki kimya si lazima awe upande wa adui. Watu wanaoishi chini ya wenye silaha wananyamaza ili waishi. Vita vikiisha, wengi huitwa wasaliti kwa sababu hiyo. Viongozi, msiwahukumu watu kwa kunyamaza kwao.

Nne, watu waliokimbia wanaweza kujenga. Mzab ilijengwa na watu waliopoteza mji wao. Walianza na maji, shule na baraza linaloaminika.

Tano, kila jamii ina ukurasa mweusi. Anayetaka amani asiufiche ukurasa wake na kusoma wa mwenzake tu.

Maswali ya kujadili

1. Ni majina gani yanatumiwa mtaani kwenu kuwaita watu waliotoka sehemu fulani, au wa dini fulani? Nani aliyaanzisha?

2. Waibadhi wa Basra waliwakatalia ndugu zao waliotaka kuua. Ilikuwa na hatari gani? Kwetu, mtu akiwakatalia vijana wa kwao wenye silaha, anapata ulinzi kwa nani?

3. Masultani wa Unguja waliweka makadhi wawili ili kila mtu ahukumiwe kwa sheria anayoiamini. Katika kamati ya kambi au ya mtaa wenu, je, wachache wana mtu wa kuwasemea?

4. Baraza la Mzab liliongoza bila silaha. Watu waliliamini kwa nini? Kamati yenu inakosa nini ili iaminiwe hivyo?

5. Someni tena habari ya misafara ya Maniema. Ni jambo gani katika historia ya watu wako mwenyewe ambalo ni vigumu kulisema mbele ya jirani?

Kazi ya wiki

Kila mshiriki amtafute mtu mmoja wa dini au madhehebu mengine, aliyefika karibuni mtaani. Amtembelee nyumbani akiwa na mkono wa kusalimia, hata kama ni ndizi chache au kipande cha sabuni. Asiulize kwanza dini yake. Aulize: "Safari ilikuwaje? Watoto wanaendeleaje?" Mkutano ujao kila mmoja aeleze alichosikia, bila kutaja jina la mwenyeji wake.

Viongozi wa nyumba kumi, wachungaji, mapadri na maimamu, tunawaomba mwanze ninyi. Watu wataangalia mnaingia nyumba ya nani.